Bizimu la sita limeshika

Limeshika! Bizimu ninalosema ni pambo lenye sindano nyuma, la kubana kwenye nguo, na tangu saa mbili usiku liko kwenye khanga ya mke wangu iliyokunjwa mara nne. Nimelivuta, nimelitikisa, nimeiacha khanga ining'inie mlangoni, na sindano haijapinda. Yale matano ya kwanza yamo kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila moja najua lilikufa kwa sababu gani.

Waliokuwa nami tangu mwanzo wanajua ninachofukuzia: kufua pambo kwa njia ya Alexander Calder, Mmarekani yule wa sanamu za kuning'inia. Waya, nyundo, koleo, basi. Alitengeneza mapambo yapatayo 1,800, na mengi hayana hata tone la lehemu. Pale ambapo sonara angechoma, yeye alikunja, alizungushia waya au alipiga ribiti, yaani kijipini cha kuunganishia vipande. Mwaka 1906, angali mtoto, alikuwa tayari anawafulia wanasesere wa dada yake vito vya waya wa shaba. Mimi natumia waya wa umeme wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa uzi mmoja, unene wake milimita 1.78, masalio ya fundi aliyetufungia umeme nyumbani.

Pambo lenyewe, waya uliojiviringa kama jongoo, halikunisumbua. Kilichonitesa wiki saba ni sindano, kwa kuwa nilitaka bizimu zima litoke kwenye waya mmoja. Shaba ukiichoma mpaka wekundu uanze kuonekana gizani, ukaitumbukiza majini, inalainika na kutii kidole. Ulaini huohuo ndio unaoiua sindano: ikigusa nguo nzito inalala. Basi nikaigonga ikaze. Ikakaza kweli, lakini ikawa bapa, na sindano bapa inachana uzi. La tatu niliirudisha kwenye uduara kwa tupa, ikakatika pale inapogeuka. La nne nikajiona nimepata: nikakaza sindano kwanza, kisha nikachoma upande wa pili tu. Shaba inakimbiza moto kuliko nilivyodhani. Kabla jongoo hajawa mwekundu, sindano ilishalainika tena. La tano nilihamia shaba ya njano, nikaizidishia moto, ikapasuka kwa nyundo ya tatu. Siku hiyo nilizima gesi nikaenda kulala bila kula.

Jumamosi nikampelekea mzee mmoja sonara bizimu langu moja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umefua mwenyewe?”

Akaligeuza, akaibonyeza sindano kwa ukucha wa dole gumba, ikalala. Akatikisa kichwa. “Usiigonge, mwanangu. Isokote.”

Isokote! Nyumbani, kwenye bizimu la sita, nikabana shina la sindano kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, ncha nikaitia kwenye drili ya mkono, nikazungusha polepole, sentimita sita za waya, mizunguko 14. Mikwaruzo ya koleo iliyokuwa imenyooka ikaanza kujipinda kama mistari ya skrubu, na mkono ukahisi waya unagoma. Uduara haukupotea hata kidogo. Nikanoa ncha kwa tupa na msasa, nikakunja ndoano ya kuishika. Nikibonyeza, sindano inarudi.

Ndipo nikarudia picha za mabizimu ya Calder na kusoma maelezo yake vizuri. Fedha na waya wa feleji, yaani chuma kigumu. Shaba na waya wa feleji. Sindano aliitengeneza kwa feleji, akaifungia nyuma! Sharti la waya mmoja nililitunga mwenyewe. Sijutii, maana sasa naijua shaba kwa vidole.

Kuhusu vifaa: koleo lenye meno ni adui wa kazi hii. Yasage meno yote, uso uwe kama kioo. Na uso wa nyundo uung'arishe vilevile, kwa sababu kila kovu lake litahamia kwenye pambo. Fuawe yangu, ninapogongea, ni kipande cha reli na siibadilishi kwa chochote.

Kinachonivuta kwa watu kama Calder ni kwamba kwetu pambo linaanzia kwenye mizani: gramu ngapi, bei gani. Ule mkufu mkubwa wa Calder uitwao Mume Mwenye Wivu, ulioko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ni shaba ya njano tupu. Uzito wote uko kwenye umbo.

Bangili nilizoahidi zitangoja. Jana usiku nimekutana na kazi za wasanii Anni Albers na Alex Reed, waliokuwa chuo cha Black Mountain, Carolina Kaskazini. Waliona vito vya kale vya Monte Albán kule Mexico, wakarudi na kutengeneza mikufu kwa vitu vya dukani: kichujio cha sinki na vibanio vya karatasi, washa (vile vipete bapa vya chuma vinavyowekwa chini ya nati) zilizopitishwa kwenye utepe. Sikulala. Leo nimeshanunua washa 40. Utepe niliopata ni mwembamba, tundu linaumeza na washa zinateleza zote upande mmoja, kwa hiyo kesho najaribu pindo la khanga.