Viluwiluwi wangu walikuwa wakifa wakiwa tayari na miguu minne

Kidimbwi changu kina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60 katikati. Misimu ya mwanzo mayai ya chura yalianguliwa vizuri, viluwiluwi wakanenepa, kisha wakaanza kuelea wamekufa, miguu yote minne imeshatoka. Kosa halikuwa la maji. Kingo zilisimama wima kama za ndoo, na turubai la plastiki linateleza.

Miguu ya nyuma hutangulia, na kiluwiluwi anaendelea kula na kupumua kwa matamvua kama kawaida. Ya mbele inakua kimyakimya chini ya ngozi. Ikichomoza, mengi hubadilika kwa mpigo. Mdomo wa kukwangulia mwani unaundwa upya uwe mpana, wa kunasia wadudu, kwa hiyo hali kitu. Anaishi kwa kuufyonza mkia wake mwenyewe. Matamvua yanakwisha, mapafu yanashika kazi. Akikosa pa kupanda siku hizo chache, anazama. Chura kufa maji inachekesha kuisikia, lakini ndivyo ilivyo.

Upande mmoja niliubomoa nikatengeneza mteremko: kila sentimita 30 kuelekea katikati, kina kinaongezeka 10. Nikatandaza kokoto, na juu yake gunia la katani linaloanzia majini hadi kwenye ukoka. Gunia ndilo lililosaidia zaidi, maana linabaki na unyevu na halitelezi. Kwa anayelea kwenye karai, tofali lililolazwa mshazari, ncha moja ikiwa juu ya maji, linatosha.

Kidimbwi chenye mwani hakihitaji chakula. Kwenye karai nawapa viluwiluwi 50 jani la mchicha lililochemshwa, ukubwa wa kiganja, kila baada ya siku mbili. Miguu ya nyuma ikitokeza naongeza kiini cha yai, kiasi cha punje ya choroko, na mabaki nayatoa jioni ileile. Yai likilala humo maji yanachacha, amonia inapanda, na utawaona wote wako juu wanagugumia hewa. Hapo nabadilisha theluthi moja ya maji na kuwanyima chakula siku mbili. Maji ya bomba huwa nimeyaacha wazi saa 48 klorini itoke.

Perege na kambale hawakai nao, watawamaliza. Watoto wa kerengende, wale wanaojificha kwenye tope, nawachota kwa chujio. Na anayefuga viluwiluwi wa chura akitegemea wamalize wa mbu anajidanganya: wengi wao ni wakwanguaji wa mwani tu.

Ukiona povu jeupe kwenye tawi lililoinamia maji, usilikate. Ni kiota cha chura wa mitini. Baada ya siku 5 hivi povu linalainika, viluwiluwi wanadondoka. Kama chini yake ni udongo, tega karai la maji.

Vyura wachanga wanaotoka kwangu hawazidi sentimita moja na nusu, na jua la saa sita linawakausha upesi. Karibu na gunia naacha lundo la majani yanayooza, lenye kivuli na vijidudu vya kula. Fyekeo nalitundika wiki mbili, nisije nikawafyeka.