Leo zamu ya dozi ya juu

Jamani, leo maabara ilikuwa kimya.

Sungura weupe, wote wana uvimbe wa VX2 kwenye ini, yaani saratani ya sungura inayopandikizwa kwa ajili ya majaribio. Uvimbe huu hukua haraka, na kama saratani ya ini ya binadamu, damu yake nyingi hutoka kwenye ateri.

Tunachoma doksorubisini, dawa ya saratani, ndani ya uvimbe wenyewe, macho kwenye ultrasaundi. Dozi ikizidi, ini zima linaumia. Ikipungua, seli za pembeni zinabaki hai.

Kasheshe ni kuchomoa sindano. Ukiharakisha, dawa inarudi kwa njia ileile. Nayo ni nyekundu, haijifichi.

Leo pamba ya kufutia pale sindano ilipotoka imebaki nyeupe.
Nimeiangalia mara mbilimbili!

Mnaofanya kazi na wanyama, mnawapa majina? Mimi nawaita kwa namba tu. Makusudi.