Chumba Kerry, mwishoni mwa Novemba

Kila Septemba Lisdoonvarna hujaa watu waliokuja kutafuta wachumba. Ni mji mdogo wa kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi, na tamasha lake la washenga limerithiwa kutoka enzi za wakulima walioshuka mjini baada ya mavuno, fedha mfukoni, nyumbani hakuna mke. Mimi na shemeji tuliingia pale mwishoni mwa Novemba. Hoteli za barabara kuu zote giza, viti vimepinduliwa juu ya meza, na kiumbe pekee aliyekuwa nje ni mbwa.

“Shemeji,” akaniambia, “hawa wote washaoana wakaenda zao?”

Ndugu huyu wa mke wangu anafanya kazi kwenye ghala la majani ya chai Mombasa, na alikuwa amekuja Dublin kumwona dada yake. Dada mtu ana zamu za hospitali mfululizo, kwa hiyo kumtembeza mgeni ikawa kazi yangu. Alitaka kuiona Atlantiki. Nikamwambia bahari ipo, mtihani ni pa kulala.

Pwani ile huishi kwa msimu. Kuanzia Pasaka hadi Oktoba vibao vya B&B, yaani kitanda na kifungua kinywa, vimepangana barabarani: nyumba za familia, mwenyeji analala chumba cha nyuma, wageni vyumba vya mbele, na asubuhi anawapikia mwenyewe. Baridi ikiingia, boti za kijiji cha Doolin kwenda visiwa vya Aran husimama, na kupasha moto nyumba nzima kwa ajili ya mgeni mmoja hakulipi. Kibao lakini wengi hawakiondoi. Unakifuata kwenye mvua, unagonga, unakuta nyumba tupu. Au unakuta nyumba ambayo kwa mkataba wa serikali imekuwa makao ya familia zilizokimbia vita vya Ukraine mwaka 2022. Watoto wanakuchungulia dirishani, nawe unaomba radhi na kugeuza gari.

Programu za simu zilituonyesha hoteli kubwa za miji ya Galway na Ennis, kana kwamba katikati hapaishi mtu. Wanaishi. Ila baadhi ya wenye nyumba hawaoni sababu ya kumkatia wakala asilimia yake wakati wageni wenyewe ni wa kuhesabu, basi hujitoa mtandaoni na kuacha simu ya nyumbani ikifanya kazi. Unapiga, unajieleza, anakaa kimya kidogo akifikiria kama vitanda vimetandikwa, kisha anasema njooni. Asipoweza, hakuachi hivi hivi, atakutajia jirani. Kwa safari ya msimu wa baridi mimi naamini simu ya sauti kuliko picha zozote za vyumba.

Doolin tulipata chumba kwa njia ya baa. Shemeji hanywi, alisita mlangoni, lakini baa ya kijiji kule ndiyo ofisi ya habari. Wazee walikuwa wakipiga fidla na filimbi kando ya moto wa udongo mweusi wa kinamasi, ule unaokatwa kama matofali na kuanikwa hadi ukauke. Moshi wake ukiingia kwenye sweta hautoki leo wala kesho. Mhudumu akafuta mikono, akapiga simu, akatuandikia Eircode nyuma ya risiti. Hizo ni herufi na tarakimu saba za anwani ambazo tangu 2015 kila nyumba nchini ina zake. Kabla ya hapo vijijini ulielekezwa kwa kanisa, daraja na rangi ya geti, na usiku wa mvua mageti yote ni meusi.

Chumbani blanketi la umeme lilikuwa limeshawashwa. Bafuni kuna kamba ya kuvuta ili maji yapate moto. Usipoivuta, shauri yako. Bei kule hutajwa kwa kichwa: ukiambiwa euro 50, wawili ni 100, na anayelala peke yake huongezewa kidogo. Ulizeni kabla ya kushusha mabegi.

Kibla kutoka pale ni kusini-mashariki. Shemeji, aliyeswali akielekea kaskazini tangu utotoni, aliizungusha simu wee kabla ya kuiamini. Sala zenyewe zimebanana: Alasiri saa nane na ushei, Magharibi karibu saa kumi na nusu. Magharibi hiyo ndiyo iliyotawala safari. Njia za vijijini ni nyembamba, kuta za mawe huku na huku, nyingine zina majani yaliyoota katikati ya lami, na giza likishuka hujui kama kilicho mbele yako ni kona au kondoo. Tukawekeana sharti: simu zote zipigwe kabla ya adhuhuri, na saa tisa unusu mizigo iwe imeshapata pa kushukia.

Majabali ya Moher, yenye mita 214 yanapofika juu kabisa, tuliyaona kwa kitambo kidogo ukungu ulipopasuka. Ilitosha.

Kwenda Kerry, kaunti iliyo kusini mwa Clare, unaweza kuzunguka kupitia Limerick, au kupanda feri ya Killimer hadi Tarbert, inayovuka mto Shannon karibu na mdomo wake kwa dakika 20 hivi, kiangazi na baridi. Shemeji alisimama sitahani akitafuta msongamano wa feri ya kwao Mombasa. Mikokoteni hakuna, muuza njugu hakuna, magari machache na watu wamejifungia ndani yake.

“Hii Likoni,” akasema, “lakini iliyofiwa.”

Mji wa Dingle, huko Kerry, tulidhani utakuwa mtupu vivyo hivyo. Kumbe ilikuwa wikiendi ya Other Voices, tamasha la muziki linalorekodiwa katika kanisa dogo la St James. Kanisani huingia wachache, lakini mji mzima hufurika, na kila niliyempigia tangu Tarbert alijibu hana hata godoro. Mama mmoja akauliza tuko wangapi. Akasema wifi yake aliyeko Annascaul hajapokea mgeni tangu Oktoba, ila amwulize. Hazikupita dakika nyingi akanipigia: wifi kakubali, anatandika.

“Kumbe hata huku mambo hupitia kwa mawifi,” shemeji akanong’ona.

Annascaul iko njiani kabla ya Dingle. Ndiko alikozaliwa Tom Crean mwaka 1877, baharia aliyekwenda Antaktika, bara la barafu, na wavumbuzi Scott, kisha Shackleton, halafu akarudi kijijini kufungua baa na kuiita South Pole Inn, yaani Nyumba ya Wageni ya Ncha ya Kusini. Baa bado ipo. Shemeji, akiwa na makoti mawili, hakumwelewa kabisa mtu aliyeondoka hapo kwenda kutafuta baridi zaidi.

Mwenyeji wetu alitukaribisha kwa birika la chai. Chai ya Waayalandi ni kali, na majani yake mengi ni ya Afrika Mashariki. Shemeji akaomba kifuko kimoja, akakipasua, akamwaga majani kiganjani, akayasogeza kwa kidole, akayanusa. “PF1,” akasema, nami nikatafsiri: chembe ndogo za majani yaliyosagwa kwa mashine, zinazotoa rangi upesi, ndizo hujazwa kwenye vifuko, na kwenye mnada wa Mombasa zinapita mikononi mwa kina yeye. Mama akavuta kiti. Amekunywa chai hiyo maisha yake yote na hakuwahi kukaa na mtu anayeigusa kabla haijawa chai. Shemeji, kwa kupewa uso, akaomba sufuria achemshe maziwa pamoja na majani. Akatafuta tangawizi, ilikuwepo ya unga, iliyowekwa kwa ajili ya keki ya Krismasi. Walimaliza nusu ya kopo.

Asubuhi sahani yangu ilijaa soseji na mayai. Ya shemeji ilikuwa na uyoga, mayai na samaki wa moshi, kwa sababu nilikuwa nimeshataja kwenye simu kwamba hali nguruwe. Kifungua kinywa cha kule kina nguruwe hadi kwenye soseji nyeusi ya damu, kwa hiyo litajwe mapema, wala hawachukii. Tulilipa taslimu. Akatuuliza tunaelekea wapi, kisha akashika simu kumtafuta mtu wake wa Kenmare. Haikupokelewa. Akajaribu Killarney, wakapokea.

“Waulize,” shemeji akasema, “tangawizi wanayo?”