Mjomba, Twiga na Mto wa Ayutthaya

Hatukwenda Thailand kutembea. Mjomba alikuwa na mawe ya kijani kutoka Kasigau, kule Taita, na mnunuzi wake wa Bangkok aliyaangalia kidogo chini ya taa akatwambia turudi Jumatatu. Ilikuwa Februari 2014. Silom, mtaa wa Bangkok wanakojazana wafanyabiashara wa vito, waandamanaji walikuwa wameziba njia panda kwa jukwaa na mahema. Juu ya hayo, Ijumaa ilikuwa Makha Bucha, sikukuu ya Mabudha. Mnunuzi akatupa kijana wake wa dukani atupeleke Ayutthaya, mji wa kale. Kijana mwenyewe Mchina wa hukohuko Thailand, aliwahi kufika Voi kununua mawe, akarudi na Kiswahili cha sokoni: bei gani, punguza, na mzee, jina alilomwitia mjomba kutwa nzima.

Tulipanda treni ya daraja la tatu pale stesheni ya Hua Lamphong, Bangkok. Nauli ilikuwa haizidi baht 20, madirisha wazi, na akina mama wakipita na kuku wa kuchoma na wali wa kunata. Ni mwendo wa kilomita kama 80 kuelekea kaskazini. Ukishuka stesheni unanyoosha hadi mto Pa Sak, unavuka kwa kijiboti, na hapo ushaingia mji uliozungukwa na maji: Pa Sak upande huu, Lopburi kule juu, Chao Phraya kusini na magharibi. Mji huu uliasisiwa mwaka 1350, ukawa makao ya wafalme wa Siam kwa zaidi ya miaka 400, hadi jeshi la Burma lilipouchoma mwaka 1767.

Mimi ni mtoto wa Malindi, magofu si kitu kigeni kwangu. Gedi ndiko tulikokuwa tukipelekwa na walimu. Nilitarajia Gedi nyingine, ila ya matofali. Matofali yapo kweli, mekundu, ingawa mengi yalipakiwa mashuani yakateremshwa mtoni kwenda kujengea Bangkok, ilipofanywa mji mkuu mwaka 1782. Lakini Gedi ina nyani na watalii. Huku magofu yana wenyewe. Masanamu yaliyokatwa vichwa yamefungwa vitambaa vya manjano begani, vipya, na chini yake udi unafuka. Bibi mmoja alikuwa akipanga maua mbele ya kiwiliwili kisicho na kichwa wala mikono, taratibu, kama anayemwandalia mtu chakula.

Wat Mahathat (wat ni hekalu la Mabudha) ndiko kuliko na kile kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, uso tu ndio umebaki nje, jicho limefumbwa nusu. Kiko chini, karibu na ardhi, na mlinzi hakuruhusu mtu apigwe picha akiwa amesimama: kichwa chako kisipande juu ya cha Buddha. Mimi nilichuchumaa nikapigwa yangu. Mjomba, ambaye ameshahiji, aliona kuchuchumaa na kusujudu vimekaribiana mno. Akasogea nyuma kabisa, akaangalia kwa mbali, mikono mgongoni. Mlinzi aliridhika, mjomba naye akaridhika.

Kilichomwamsha kilikuwa Wat Ratchaburana, jirani tu. Mfalme aliyeijenga mwaka 1424 aliipandisha pale walipouana kaka zake wawili, wakipigania kiti cha enzi juu ya ndovu. Mwaka 1957 wezi walichimba katikati ya mnara wakakuta chumba kilichojaa dhahabu, na serikali iliwahi kuokoa sehemu tu. Tuliteremka ngazi ya wima, nyembamba, jasho linatiririka, hadi tulipoona michoro iliyofifia ukutani. Mjomba hakuwa na haja na michoro. Alitaka kujua vito vilikwenda wapi. Kijana akamweleza kuwa upanga wa mfalme, wa dhahabu na vito, uko makumbusho ya Chao Sam Phraya. Tukaenda. Pamefungwa, sikukuu. Sijamwona mjomba akisikitika vile hata siku mawe yake yalipopasuka kwenye kukatwa.

Adhuhuri ikatukuta bila kujua tutaswali wapi. Karibu na hospitali kuna safu ya vibanda vya roti sai mai: chapati laini mno, nyingine za kijani, unakunjia nyuzi za sukari za rangi. Muuzaji alikuwa na hijabu. Mjomba akatoa salamu, ikaitikiwa kwa furaha, na mtoto wa kiume akatolewa kutuongoza msikitini. Hotuba ilikuwa kwa Kithai, nikaambulia aya tu. Roti tulizirudia baadaye.

Alasiri tulikodi boti ya mkia mrefu kuzunguka kisiwa. Wat Chaiwatthanaram, ya mwaka 1630, ndiyo inayopendeza kuliko zote ukiiona kutoka majini, na picha zake zimejaa kila mahali, sina la kuongeza. Wat Phanan Choeng ndiyo iliyotuweka. Ilijengwa mwaka 1324, kabla mji wenyewe haujakuwapo. Ndani ameketi Buddha wa mita 19, na vijana wamesimama mapajani pake wakidaka vitambaa wanavyorushiwa na waumini, wakimvisha, kisha wakivikunjua juu ya vichwa vya watu waliokaa chini.

Mjomba alibaki gatini na samaki. Ni kambare wakubwa, wanagombania mkate hadi maji yanachemka. Kijana akamwambia Wachina wa pale humwita Buddha huyo Sam Po Kong, jina lilelile wanalomwita Zheng He, mkuu wa merikebu za China, Mwislamu, mtoto wa haji.

“Huyu si ndiye aliyefika kwetu?” mjomba akaniuliza.

Nikamwambia ndiye, merikebu zake zilifika Malindi, na mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga.

Mjomba akanunua mfuko wa mkate, akaurusha kidogokidogo, akiwaza.

“Sasa twiga mzima, baharini miezi yote hiyo. Walikuwa wakimlisha nini?”

Kijana hakujua. Mimi pia. Mjomba akaendelea kutupigia hesabu ya majani, maji ya kunywa na nauli ya mchungaji mpaka boti ilipotushusha upande wa stesheni.