Premio au Mark X: nilihesabu saa, si kilomita

Baada ya kuzunguka yadi nyingi, nilibakiwa na magari mawili kichwani: Toyota Premio ya injini ya lita 1.8 na Toyota Mark X ya lita 2.5. Yote ni saluni, na spea za yote unazipata Dar es Salaam bila kuhangaika. Ugumu ulikuwa kwenye matumizi yangu. Jumatatu hadi Ijumaa natoka Kimara kwenda Posta na kurudi, foleni asubuhi, foleni jioni. Likizo ikifika tunakwenda Iringa kwa wazazi, watu watano na mizigo yetu, kama kilomita 500 kwenda tu.

Kwa barabara kuu Mark X ni gari bora zaidi, na nalisema hilo kwa moyo mweupe. Ina injini ya V6, yaani silinda sita, inasukumwa na magurudumu ya nyuma na ina gia sita. Nililijaribu toka Kibaha kuelekea Chalinze. Mbele kuna lori refu, njia iko wazi, unakanyaga kidogo tu, umeshalipita na umerudi upande wako. Kwenye barabara ile inayobeba malori ya Tunduma na Zambia, kumaliza kuovateki mapema ni usalama wa watoto walioko kiti cha nyuma. Premio ina giaboksi ya CVT, otomatiki isiyobadilisha gia kwa hatua: ukikanyaga, injini inanguruma kwanza, mwendo unafuata.

Nikachukua daftari. Ukipiga hesabu kwa kilomita, Iringa kwenda na kurudi ni kilomita 1,000, na Kimara hadi Posta na kurudi ni kama 30. Yaani safari moja ya nyumbani inazidi mwezi mzima wa kwenda kazini, na kwa hesabu hiyo ungenunua Mark X leo leo. Lakini injini iliyosimama kwenye foleni AC ikiwa imewashwa inachoma mafuta kwa saa. Nikapiga upya kwa saa: Iringa kwenda na kurudi ni saa kama 20 ndani ya gari, na mimi kwa siku moja ya kazi nakaa barabarani saa tatu hadi nne. Wiki moja tu ya foleni inakaribia safari nzima ya Iringa. Mwaka una wiki ngapi, na kwa wazazi tunakwenda mara ngapi?

Hapo picha ikabadilika. Silinda sita na uzito wa tani moja na nusu havina kazi ya kufanya kati ya Ubungo na Magomeni. Hata upana nao una maana: Premio ina milimita 1,695 kwa sababu Wajapani waliitengeneza iingie kwenye daraja lao la magari madogo, ambalo mwisho wake ni 1,700. Mark X inazidi hapo kwa sentimita kadhaa, na ukiegesha Kariakoo utaziona sentimita hizo mlangoni unaposhuka.

Fundi wangu alinimalizia. Aliikagua Mark X niliyoipeleka, akaipima kwa mashine, akasema: "Dada, gari ni zima. Ila injini hii inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za hewa hazisafishwi na petroli. Ukiiendesha foleni kila siku, masizi yatajaa. Na plagi ni sita, siyo nne."

Kwa anayeagiza mwenyewe toka Japani kuna hesabu nyingine. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, na kwa inayozidi cc 1,000 hadi 2,000 ni 5. Gari lenye zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, na hiyo inagusa yote mawili.

Nikanunua Premio. Iringa inatufikisha vizuri, ila nabadilisha uendeshaji: tukiwa tumejaa siovateki pasipo nafasi ndefu, mlima wa Kitonga kabla ya Iringa naupanda bila haraka, na nikishuka natumia gia ya chini ili breki zisichemke. Oili ya giaboksi nanunua mwenyewe, ya CVT, na nasimama pale inapowekwa. Ukiwekewa ATF, oili ya otomatiki za kawaida, giaboksi hiyo itakufa.

Shemeji yangu kazi yake ni Dar hadi Mbeya karibu kila wiki, mara nyingi peke yake. Aliponiuliza, nilimwambia achukue Mark X bila kusita, tena atafute ile iliyotoka kuanzia 2009, maana 2.5 yake ilirekebishwa itumie petroli ya kawaida, wakati ile ya kabla yake kiwandani iliandikiwa petroli ya daraja la juu. Ameipata nyeusi, na fundi aliyeikagua ni yule yule wangu.