Nguruwe Pori Kwanza, Mashine ya Kukatia Nyasi Baadaye

Waafrika Mashariki tunaoishi Texas, hasa tuliokaa Houston na Dallas kwa miaka mingi, tuna desturi ya kuanza kutafuta shamba pale watoto wanapokua na mkopo wa nyumba unapoanza kupungua. Mtu akishanunua ekari zake kumi au ishirini, swali la kwanza analoniletea, kwa kuwa nilimtangulia kuhamia mashambani, ni mashine gani ya kukatia nyasi itamfaa. Mimi humrudishia swali: umeshatembea kando ya kijito chako baada ya mvua? Nyasi za huku hazioti juu ya uwanja uliosawazishwa kama wa nyumba za mjini, bali juu ya ardhi ambayo nguruwe pori huifukua usiku, na anayechagua mashine bila kuwatia nguruwe hao katika hesabu huishia kununua mashine ya shamba la mtu mwingine.

Nguruwe hawa si wanyama wa asili wa bara la Amerika. Waliletwa na Wahispania zaidi ya miaka mia tatu iliyopita wakiwa mifugo, wakatoroka au wakaachwa wajitafutie chakula, na katika miaka ya 1930 baadhi ya wenye mashamba makubwa wakaongeza nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia kwa ajili ya uwindaji. Nao pia wakavunja nyua zao na kuchanganyika na wale wa kwanza. Wasomaji wa Pemba wataitambua hadithi hii, kwa kuwa nguruwe wa kisiwani humo nao hutajwa kuwa masalia ya mifugo ya Wareno. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M waliwahi kukadiria kwamba jimbo hili lina nguruwe pori wapatao milioni 2.6, na wanyama hao wanaripotiwa katika kaunti 253 kati ya 254. Jike huweza kuzaa akiwa na umri wa miezi sita hadi minane na hubeba mimba kwa siku zipatazo 115, ndiyo maana inakadiriwa kwamba takriban theluthi mbili yao wangepaswa kuondolewa kila mwaka ili idadi isiongezeke. Hesabu ya namna hiyo haifikiwi na mtu mmoja anayekaa barazani na bunduki usiku wa Jumamosi.

Nguruwe hana tezi za jasho za kutosha kumpoza, kwa hiyo katika kiangazi cha Texas kundi hushinda mchana kwenye matope na vichaka vya kando ya kijito, kisha hutoka giza likishaingia. Mvua inapolainisha udongo, huingia malishoni na kuchimba kwa pua wakitafuta mizizi, minyoo, mabuu na matunda ya mialoni yaliyofukiwa na majani. Asubuhi utakuta sehemu nzima imepinduliwa, ikiwa na mashimo ambayo mengine hufika kina cha futi moja au zaidi, na kando yake mabonge ya udongo ambayo jua likiyapiga kwa siku chache huwa magumu kama matofali. Nyasi aina ya bermuda huota upya haraka juu ya uharibifu huo, na hapo ndipo penye hatari kwa mwendesha mashine, kwa sababu mashimo yanabaki yalipo ila hayaonekani tena.

Sasa tuje kwenye mashine. Maduka ya huku humwelekeza mgeni kwenye mashine ya kupandwa inayogeuka palepale ilipo, ile inayoongozwa kwa mikono miwili ya chuma badala ya usukani. Ni mashine nzuri kwa kazi iliyotengenezewa, nayo ni kukata nyasi laini kwa kasi kwenye uwanja ulio sawa. Magurudumu yake ya mbele, hata hivyo, ni madogo na hujizungukia yenyewe bila breki wala uelekeo. Yakitumbukia katika shimo la nguruwe husimama ghafla, na dereva hutupwa mbele. Kwenye mteremko wa bwawa la mifugo mambo huwa mabaya zaidi. Magurudumu ya nyuma yakikosa mshiko, hakuna usukani wa kuiokoa mashine isiteleze majini, na ndiyo sababu watengenezaji wengi huonya isitumike kwenye miteremko inayozidi takriban nyuzi 15. Kwa nusu ekari inayoizunguka nyumba sina ubishi nayo. Kwa ekari kumi zenye kijito siishauri, hata kama muuzaji ataapa.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, ni trekta ndogo ya kilimo inayovuta fyekeo la nyuma, yaani deki nzito ya chuma yenye mapanga mawili yanayozunguka na kuendeshwa na shafti ya PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaopeleka nguvu za injini kwenye chombo kinachovutwa, kwa mizunguko 540 kwa dakika. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila futi moja ya upana wa fyekeo inahitaji nguvu za farasi tano, kwa hiyo fyekeo la futi tano linahitaji nguvu za farasi 25. Angalizo ni kwamba nguvu hizo hupimwa kwenye shafti, ilhali namba kubwa iliyobandikwa ubavuni mwa trekta ni nguvu za injini, ambazo hupungua kabla hazijafika nyuma. Trekta inayotangazwa kuwa na nguvu za farasi 25 haitoshi fyekeo la futi tano. Tafuta ya 35 au 40, ambayo pia itakuwa na uzito wa kutosha kukokota haro, yaani chombo cha kuvunja mabonge ya udongo, utakapotaka kusawazisha yaliyofukuliwa. Kwa mwendo wa maili nne kwa saa, fyekeo la upana huo hukata takriban ekari mbili kwa saa ukishatoa muda wa kugeuza, na kwenye ardhi iliyochimbwa ni vyema uridhike na nusu ya mwendo huo.

Mapanga ya fyekeo hili hayajafungwa kwa kukazwa kabisa, bali yananing'inia kwenye bolti ili yarudi nyuma yanapogonga kisiki au bonge la udongo, na kati ya shafti na giaboksi huwepo klachi inayoteleza au bolti laini iliyokusudiwa kukatika kabla giaboksi haijavunjika. Mimi napendelea klachi, ingawa ni ghali zaidi na inahitaji kulegezwa na kukazwa upya kila msimu ili isigandane kwa kutu, kwa kuwa kwenye shamba lenye nguruwe bolti zitakatika mara nyingi mno. Kama trekta ni iliyotumika, kagua kwanza kama fremu ya chuma ya kumlinda dereva ipo na mkanda wa kiti unafungika, ndipo uulize kuhusu injini. Trekta isiyo na fremu hiyo ni rahisi kununua kwa sababu hakuna mwenye busara anayeitaka.

Kuna jambo moja ambalo Wakenya wa Baringo na Garissa hawatahitaji kuelezwa: mti unaoitwa mesquite hapa Texas ni ndugu wa karibu wa mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho ya kwao, na miiba yake hupenya tairi la mashine ndogo kama vile halipo. Matairi ya trekta ni mazito zaidi, lakini nayo hupata pancha, na wengi wetu huyatia dawa ya kuziba matundu kabla ya kuingia kwenye eneo lenye machipukizi.

Kukata nyasi ni sehemu ya vita dhidi ya nguruwe, na kwa sababu hiyo sikati shamba zima kwa wakati mmoja. Ukanda wa kando ya uzio na ule unaotenganisha kijito na malisho hukatwa kwanza na hubaki mfupi mwaka mzima, kwa kuwa nguruwe hupenda kusogea wakiwa wamefichika, na pia kwa kuwa kwenye nyasi fupi nyayo zao, kinyesi chao na mahali wanapopenya chini ya seng'enge huonekana mapema. Bustani ya mboga inalindwa na nyaya za umeme zilizo chini, usawa wa pua ya nguruwe, na nyaya hizo hazina faida yoyote nyasi zikizigusa, maana umeme huvuja ardhini. Hivyo hata mwenye trekta kubwa kiasi gani hakosi kuhitaji mashine ya kubeba mkononi ya kukatia nyasi za chini ya waya.

Kuhusu wakati wa kukata, nitasema mambo mawili tu. Mwezi wa Agosti panga likigonga jiwe hutoa cheche, na nyasi kavu huwaka moto upesi, kwa hiyo kata asubuhi umande ukiwapo na uwe na maji kwenye trekta. Jingine ni kwamba fyekeo hurusha mawe na vipande vya waya umbali unaoweza kufikia mita 90 na zaidi. Watoto na mbwa wakae ndani.

Silaha ya kweli dhidi ya nguruwe ni mtego, tena mtego wa kundi zima. Ukimpiga mmoja risasi, waliobaki hutawanyika na kujifunza, na baada ya hapo watakuja saa ambazo umelala. Ukinasa majike mawili kwenye kizimba kidogo, waliobaki nje watakikwepa kizimba hicho kwa muda mrefu. Mtego unaofaa ni zizi la duara linalojengwa kwa paneli nzito za waya zenye urefu wa futi 16 na kimo cha futi tano, zilizofungwa kwenye nguzo za chuma. Duara ni muhimu, kwa kuwa penye kona nguruwe hurundikana, wa juu wakawakanyaga wa chini na kuruka nje. Lango linaachwa wazi kwa siku nyingi, chambo kikiwekwa kila jioni na kamera ya kutegesha ikihesabu wanaoingia, na halifungwi hadi kundi lote, pamoja na yule jike mzee anayebaki nyuma akinusa, lizoee kulia ndani. Siku hizi yapo malango yanayofungwa kwa simu, na anayeweza kumudu gharama yake atashukuru, kwa kuwa lango linalojifunga lenyewe halijui kuhesabu.

Chambo ni mahindi yaliyolowekwa kwenye ndoo ya maji na kuachwa juani mpaka yachachuke. Nguruwe huyafuata kwa harufu kutoka mbali, ilhali kulungu na ng'ombe huyapenda kidogo kuliko mahindi makavu. Sumu siigusi, kwa sababu shamba langu lina wanyama wengine, na jirani yangu ana mbwa.

Kisheria, Texas imemrahisishia kazi mwenye ardhi: tangu Septemba 2019 hakuna leseni ya uwindaji inayohitajika kwa anayewaua nguruwe pori kwenye ardhi binafsi kwa idhini ya mwenyewe. Kinachobanwa ni kuwasafirisha wakiwa hai, jambo linalosimamiwa na Tume ya Afya ya Wanyama ya Texas, na kumhamisha nguruwe aliyenaswa ili umwachie mahali pengine ni kosa. Nyama yake wapo wanaoila. Kwetu sisi Waislamu hilo halina mjadala, lakini majirani hujitokeza wenyewe punde wanaposikia lango limefungwa, nami huwasisitizia kuvaa glavu, kwa sababu nguruwe hawa hubeba bruselosi, ugonjwa wa bakteria ambao humpata mchinjaji kupitia damu, na pia leptospirosi, ambayo Watanzania waliifahamu kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022. Maji ya kijito wanamogaagaa yasichezewe na watoto.

Mbwa koko na paka shume ni mzigo wa aina nyingine, kwa kuwa wengi wao ni wanyama waliotupwa na watu wa mjini wanaodhani kwamba kila shamba lina nafasi ya mnyama mmoja zaidi. Paka wanaotulia ghalani ninawanasa, ninawapeleka kuhasiwa na kuchanjwa kichaa cha mbwa, kisha ninawarudisha wapunguze panya. Ninachokikataza ni kuwaachia chakula usiku, kwani huvuta wanyama wa porini kama rakuni na vicheche, na vicheche ni miongoni mwa wabebaji wakubwa wa kichaa cha mbwa katika jimbo hili. Mbwa wanaotembea kwa makundi ni hatari kwa mbuzi, na hao ni kazi ya ofisi ya sherifu wa kaunti. Mbwa wako mwenyewe usimruhusu kuwakimbiza nguruwe wala kula mizoga yao, kwa kuwa nguruwe pori hubeba ugonjwa wa Aujeszky, ambao kwa kawaida haumwambukizi binadamu lakini kwa mbwa na paka karibu kila mara huishia katika kifo.

Baadhi ya wanaoniuliza wana fedha za kitu kimoja tu kwa mwaka wa kwanza. Kwao jibu langu ni paneli za mtego na kamera, wala si trekta. Mashambani hakukosekani mtu mwenye trekta na fyekeo anayekata kwa malipo ya ekari, na kumkodi mara chache kwa msimu kutakuonyesha pia ni sehemu zipi za ardhi yako zinazomfanya apunguze mwendo. Makundi yakishapungua, pitisha haro juu ya yaliyofukuliwa wakati udongo ukiwa na unyevu kidogo, kabla mabonge hayajakauka, acha bermuda ishike tena, ndipo uende dukani ukiwa unajua upana wa fyekeo unaoutaka.