Kabla hujakata nguzo: kuhamisha dirisha kwenye nyumba ya fremu ya puto

Fundi aliyezoea nyumba za mbao za leo akiambiwa asogeze dirisha futi 3, anajua la kufanya: anasimamisha ukuta wa muda chini ya boriti za ghorofa, anakata nguzo (mbao za wima za ukuta), anaweka linta (boriti fupi inayobeba mzigo juu ya tundu la dirisha), anaondoka. Kwenye nyumba ya fremu ya puto njia hiyo inaacha nusu ya mzigo hewani.

Fremu ya puto ni ujenzi ulioanzia eneo la Chicago miaka ya 1830, ukaenea Marekani na Kanada kwa karibu miaka 100. Ndani yake nguzo ni ndefu: inasimama juu ya boriti ya msingi na kupanda moja kwa moja hadi chini ya paa, ikipita ghorofa ya kwanza na ya pili bila kukatwa. Sakafu ya juu haikulaliwa na ukuta. Boriti zake zimeegeshwa kwenye ubao mwembamba, mara nyingi wa inchi 1 kwa 4 au 1 kwa 6, uliozamishwa kwenye pengo lililochongwa upande wa ndani wa nguzo. Kisha kila boriti ikapigiliwa misumari ubavuni mwa nguzo. Ubao huo tuuite ubao wa utepe.

Sasa fikiria umekata nguzo ya chini. Kipande kilichobaki juu kinabeba paa, ukuta wa ghorofa ya pili na sehemu ya sakafu. Ukuta wako wa muda umeshika boriti za sakafu tu. Mzigo wa paa unashuka kwenye nguzo, si kwenye boriti, kwa hiyo kilichobaki kuuzuia ni misumari ya miaka mia moja na mbao za nje. Huenda usisikie mlio wowote siku hiyo. Utaona ufa kwenye plasta ya juu, na mlango wa chumba cha ghorofani utaanza kugoma.

Kujua kama nyumba ni ya aina hii, panda darini na tochi, umulike kati ya nguzo mbili za ukuta wa nje. Mwanga ukishuka bila kizuizi, jibu umelipata. Kama kuna pamba ya kuzuia baridi, shuka chini ya sakafu: nguzo zitakuwa zimesimama ubavuni mwa boriti, juu ya boriti ya msingi, badala ya kuanzia juu ya sakafu.

Mahali pa dirisha jipya pachaguliwe kwa kufuata nguzo, si kwa kufuata kochi. Tafuta nguzo zote kwa kutoboa vitundu vidogo nyuma ya ubao wa chini ya ukuta, maana nafasi kati yake kwenye nyumba hizi haitabiriki: inchi 16 ni kawaida, ila 14 na 20 hazishangazi. Dirisha likisogezwa hata inchi 4 ili ukingo wake uangukie kwenye nguzo iliyopo, unaokoa nguzo moja isikatwe na unapata nguzo nzima ya pembeni bila gharama. Kaa mbali na kona. Huko mara nyingi kuna mbao za mshazari zilizozamishwa kwenye nguzo ili nyumba isilale upande, na ukizikata umeondoa kitu ambacho linta haiwezi kukirudisha. Kwa chumba cha kulala, angalia pia kanuni ya kutokea wakati wa moto: kanuni ya mfano ya nyumba za makazi Marekani inataka uwazi halisi usiopungua futi za mraba 5.7 (5.0 kwa dirisha la usawa wa ardhi), urefu wa inchi 24, upana wa inchi 20, na chini ya uwazi pasizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Inchi 20 kwa 24 peke yake haifiki eneo hilo. Wengi hunaswa hapo.

Kabla ya kuvunja, mambo matatu. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ichukuliwe kuwa ina rangi yenye madini ya risasi mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Funga chumba kwa nailoni, lowesha unapokwaruza, usitumie mashine ya kusaga bila kinyonya vumbi. Pili, ukikuta nyaya mbili zinazopita mbalimbali juu ya vishikizo vya kauri, hizo ni nyaya za zamani. Usizivute wala kuziunga mwenyewe, mwite fundi umeme. Tatu, pamba iliyopulizwa ukutani. Uwazi wa ukuta umeungana kutoka chini hadi darini, hivyo ukitoboa chini, shehena ya ghorofa mbili inakumwagikia miguuni. Ziba juu ya tundu kwa kipande cha ubao mara tu unapofungua, na panga kujaza tena ukimaliza.

Nguzo za muda ndizo kazi yenyewe. Kuweka dirisha ni nusu siku. Unahitaji vishikizo viwili, si kimoja. Cha kwanza ni ule ukuta wa kawaida wa mbao za inchi 2 kwa 4 chini ya boriti za ghorofa, futi 2 hadi 3 kutoka ukutani ili upate pa kufanyia kazi. Cha pili ndicho kinachosahaulika: ubao mpana, 2 kwa 10 au 2 kwa 12, uliosimamishwa kwa ubapa wake kwenye uso wa ndani wa nguzo, juu ya mahali linta itakapokaa na chini ya ubao wa utepe. Ondoa ukanda wa plasta na papi zake (vibao vyembamba vinavyoishika) ili ubao uguse nguzo yenyewe. Upite tundu na kufikia angalau nguzo mbili nzima kila upande. Funga kila nguzo itakayokatwa kwa skrubu nene za kimuundo, si skrubu za jipsamu, ambazo hukatika zikibebeshwa uzito wa kuzikata. Halafu weka miguu miwili chini ya ncha za ubao huo. Ukikata nguzo zaidi ya mbili, au nyumba ina ghorofa mbili na paa zito la theluji, vipimo vya ubao huu na vya linta vitoke kwa mhandisi.

Miguu hiyo isisimame juu ya mbao za sakafu tu. Laza ubao chini unaovuka boriti kadhaa, na chini ya sakafu weka miguu mingine iliyonyooka na ile ya juu hadi kwenye zege. Kaza kwa kabari hadi iguse vizuri, kisha acha. Usijaribu kunyoosha nyumba kwa jeki siku hiyo.

Nguzo usizigonge kwa nyundo kuzitoa. Pitisha msumeno wa umeme wenye bapa la kukatia chuma kati ya nguzo na mbao za nje, ukate misumari. Kila kipigo cha nyundo kinasafiri kwenye nguzo ile ile hadi ghorofani na kudondosha plasta.

Linta: nguzo za zamani zina kina cha inchi 3¾ hadi 4, kwa hiyo mbao mbili za leo na plaiwudi ya nusu inchi katikati, ambazo hufika inchi 3½, zitahitaji kipande cha kujazia. Vile vipande vya nguzo vya juu lazima vikae juu ya linta bila nafasi. Pengo la milimita 3 ni milimita 3 ambazo sakafu ya juu itashuka utakapotoa vishikizo. Jaza kwa bamba za chuma, si kwa vibanzi laini vya mbao.

Nguzo fupi zinazobeba linta zishuke hadi boriti ya msingi. Zikiishia juu ya sakafu kati ya boriti mbili, zitatoboa sakafu taratibu. Kwa dirisha la ghorofani ni kugumu zaidi, kwa sababu hakuna kitu cha kusimamia pale: ama ufungue ukuta wa chini uzishushe hadi msingini, ama linta ishikwe na nguzo nzima za pembeni kwa viungio vilivyokokotolewa. Mimi ningefungua ukuta.

Tundu la zamani, kama haligongani na jipya, lijazwe kwanza, kabla ya kukata nguzo nyingine. Usishangae kukuta juu yake hakuna linta, ila 2 kwa 4 moja iliyolazwa. Toa vile vipande vifupi vya chini, weka nguzo za kipande kimoja kutoka boriti ya msingi hadi chini ya ubao huo, zibane kabisa. Ondoa pia vyuma vya uzito wa dirisha vilivyofichwa pembeni na ujaze pamba humo.

Ukuta ukiwa wazi, weka vizuizi vya moto kwenye usawa wa sakafu na wa dari, mbao ya 2 kwa 4 iliyobana kati ya nguzo. Bila hivyo kila uwazi ni dohani kutoka chini ya nyumba hadi paani.

Upande wa nje, tundu liwe pana kuliko dirisha kwa takriban nusu inchi kila upande. Utepe wa kuzuia maji uanze chini, uende pembeni, umalizie juu, na karatasi ya kuzuia maji iliyo juu ya dirisha ishuke kufunika bati la juu ya dirisha. Ukingo wa chini wa dirisha usiuzibe, maji yaliyopenya yanahitaji njia. Mbao za nje pale penye tundu la zamani usizikate kwa mstari mmoja wima. Toa kila ubao hadi nguzo tofauti ili viungo vipishane, na kila ncha iliyokatwa ipakwe rangi ya msingi kabla ya kupigiliwa.